Kwa Baiskeli Hadi kwa Akina Kukhu

Skuta, Nyeri
Jumamosi jioni

Mama yangu mpenzi,

Kwanza goti. Naanza na goti kabla ya salamu kwa sababu nakujua, wewe ukiulizwa habari unasema "nzuri" hata kama umelala chali na homa. Goti la kushoto linaendeleaje na mvua hizi? Unameza zile dawa nilizotuma, ama umeshawagawia majirani tena? Na Baba je, bado anabishana na redio? Mimi huku ni mzima wa afya, isipokuwa miguu, na miguu ndiyo habari yenyewe.

Utauliza kwa nini naandika barua na simu iko. Mama, usijifanye. Mwezi uliopita nilitamka tu neno "Karatina" ukakata simu, na nilipopiga tena ukaniambia mtandao ni mbaya. Mtandao gani mbaya unaosikika vizuri namna ile? Basi nimeandika. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, sawa, lakini sijawahi kukuona ukichana kitu kabla hujajua kilichomo. Simiyu, yule mwalimu mwenzangu wa Kimilili, anakuja huko wiki hii na atakupa mkononi. Keti. Soma yote. Kelele utapiga ukimaliza.

Jumamosi iliyopita nilipanda baiskeli peke yangu kutoka hapa Skuta hadi Mukurwe-ini. Ndiyo, nilivaa suruali. Ndiyo, na helmeti pia. Hapana, sikuanguka, ila mara moja, na hiyo haihesabiki kwa sababu ng'ombe ndiye aliyesimama barabarani.

Unajua sisi watu wa Bungoma tunavyoringa na baiskeli. Mimi nilijua kuendesha kabla sijajua kusoma, tena ile kubwa ya Baba, mguu umepitishwa chini ya mtaimbo. Nilipohamishiwa huku na kuanza kwenda shuleni kwa baiskeli, walimu walitoka ofisini kunitazama. Yule wa hesabu, mtu wa hapa hapa, aliniambia, "Madam Nekesa, hapa si Bungoma. Hapa barabara inapanda hata ikishuka." Nikacheka. Mama, nimekoma kucheka. Nchi hii ni mgongo, bonde, mgongo, bonde, hadi mwisho wa macho. Unashuka bonde ukiimba, unafika mtoni, unainua kichwa, na ukiona pale unapotakiwa kupanda, wimbo unaisha wenyewe.

Sasa kwa nini nilienda. Unakumbuka Kukhu, bibi yetu, alivyokuwa akitumenyea maharagwe huku akisimulia alivyokuwa akienda sokoni akiwa msichana? Mzigo wa viazi vitamu mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka kwao Mukurwe-ini hadi Karatina kwa miguu. "Nilishuka, nikapanda, nikavuka mto mkubwa, nikapanda, na jua likitoka niko sokoni." Hadithi yake ya nyumbani ilikuwa ni hiyo tu. Ukimuuliza zaidi alikuwa anapuliza maganda na kuanza habari nyingine. Nimekaa Nyeri miaka miwili, na kila nikipita Karatina namwona mle ndani ya soko na kamba yake kichwani. Nikasema nitaifuata ile njia kwa kurudi nyuma, kutoka sokoni hadi kwao. Naapa sikuwa natafuta mtu. Haya, nilikuwa natafuta kidogo.

Asubuhi ilikuwa safi, mlima umetoka wote na theluji yake. Hadi Karatina nilienda kama mchezo. Sokoni nilisukuma baiskeli katikati ya malori na mikokoteni, na watu wananikaripia nitoe hicho chuma njiani, mpaka nikafika kwa mama mmoja wa viazi, mnene, mcheshi, ameketi juu ya gunia. Nikanunua viazi ili asinifukuze. Kisha nikamuuliza: kuna nyumba yoyote upande wa Mukurwe-ini ambayo zamani mzee wake alikuwa akichonga mizinga ya nyuki? Kwa maana hilo ndilo jambo lingine pekee ambalo Kukhu aliwahi kuniambia, kwamba baba yake alichonga mizinga na kwao kulinuka asali.

"Ati mizinga?" akasema. "Si hiyo ni kwa Miatu! Miatu ni mizinga kwa Kikuyu. Hata mtoto anajua hapo. Unavuka mto wa Sagana, unapanda, unauliza tena. Lakini na hiyo baisikeli?" Akanitazama kutoka helmeti hadi viatu. "Wewe ni wa wapi?"

"Bungoma."

Akawaita wenzake wote waje waone.

Mama, niliondoka hata bila kuchukua chenji. Nilidhani ningerudi nyumbani na picha mbili tatu za mto, niseme nimeona. Kumbe nyumba ipo, na ina jina, na muuza viazi anaijua! Nilikanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa. Nilivuka Sagana. Nikapanda. Kilima cha kwanza nilikimaliza juu ya tandiko, na mafundi wa barabara wakanipigia makofi wakisema "Ongeza, madam, ongeza!" Cha pili nilisimama mara mbili nikijifanya napiga picha. Cha tatu, nakwambia wewe peke yako, nilishuka nikasukuma. Usimwambie kaka Barasa. Bibi kizee mmoja aliyebeba mzigo wa majani ya ng'ombe alinipita pale pale, akaniambia pole, akaenda zake.

Kwa Miatu ni lango la mabati, kahawa pande zote mbili, na mizinga miwili ya zamani bado inaning'inia mtini ingawa haina nyuki. Uani mwanamke wa umri wa hamsini na kitu alikuwa ameketi akichambua kahawa, mbivu huku, mbichi kule. Nikabisha. Nikamsalimia. Nikasema samahani, naitwa Nekesa, ni mwalimu huko Nyeri, nataka tu kuuliza maji ya kunywa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, yakapotea yote nikabaki na maji.

Akaleta maji. Akaniambia nikae. Akasema, "Mimi naitwa Wangui."

Mama, kikombe kilinitoka mkononi. Wangui, jina la Kukhu. Nikamuuliza amepewa jina la nani, kwa sababu nimekaa na watu hawa na najua hapa jina haliokotwi njiani, kila mtoto amechukua la mtu wa ukoo. Akasema, "La shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Alienda na askari wa Bungoma, hakurudi."

Nikaanza kulia mbele ya mtu nisiyemjua, nikiwa na helmeti kichwani. Wangui naye akasimama, akanitazama, akaniuliza polepole, "Wewe umesema umetoka wapi?" Nilipomjibu alitupa ungo wa kahawa, mbivu na mbichi zikachanganyika, akakimbilia ndani ya nyumba akiita, "Baba! Baba!"

Ndugu ya Kukhu yuko hai, Mama. Anaitwa Kariuki. Amekaribia miaka tisini, macho yake yamefifia lakini masikio ni mazima na maneno hayajampotea. Alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili na hakuuachilia. Aliuliza dada yake yuko wapi. Nikamwambia tulimzika miaka sita iliyopita, karibu na mgomba wake. Wangui akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena bila sababu.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo utakapotaka kuweka barua chini. Usiiweke.

Huyu mzee alinishika kwa upendo, lakini mimi hasira zilinipanda. Niliona ile siku uliyonisimulia mara moja tu, tulipokuwa tunatoka mazishini: Mjomba Wafula anatahiriwa kesho, amejipaka unga, njuga mikononi, ng'oma zinalia, na wewe msichana wa miaka kumi umeketi langoni tangu asubuhi ukitazama barabara, ukimngojea khocha, ndugu ya mama yenu, kutoka Nyeri aje na ng'ombe. Jua likazama. Babu akaazima mzee wa jirani ajifanye khocha, akamvika Mjomba ile nyama shingoni, na watu wote walijua. Ulisema vijana walimwimbia Mjomba wimbo wa mtoto asiye na wajomba, na Kukhu aliingia jikoni hakutoka siku mbili. Ndiyo maana ulisema mtu wa Nyeri hatakanyaga boma lako.

Basi nilimuuliza, nikimwita Guka, yaani babu kwa Kikuyu, lakini kwa sauti yako ile ile: "Guka, kwa nini hukuja?"

"Nikuje wapi?"

"Kwa Wafula! Kijana wa dada yako alipokuwa anatahiriwa. Barua mlitumiwa!"

Akaniachilia mkono. "Hiyo barua," akasema. "Ni mimi niliisoma. Mzee wetu hakujua kusoma. Ilikuwa imeandikwa maneno mawili matatu tu, kijana anatahiri mwezi wa nane, ndugu ya mama akuje na ng'ombe. Basi."

"Ndiyo! Na mkakataa!"

"Mtoto wangu," akasema, "hebu ngoja. Mtu amechukua msichana yetu, hajaleta hata mbuzi moja, hata pombe ya wazee hajaleta. Halafu miaka inapita, anatuandikia ati sisi ndio tumpelekee ng'ombe? Tangu lini? Ng'ombe inatoka kwa mwenye kuoa ikikuja kwa wenye msichana. Mzee wetu alisema huyo askari anatucheka. Alishika hiyo barua akaweka kwa moto, akasema hiyo jina isitajwe hapa tena."

Mama, kumbe hawakujua. Nikamweleza. Nikamwambia kwetu, ng'ombe yule hakuwa wa Babu, huyo askari wao, hata kidogo. Kwetu, kijana hawezi kusimama mbele ya kisu mpaka ndugu ya mama yake amchinjie ng'ombe na kumvika nyama ya kifua shingoni kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine yeyote hafai, hata baba. Ni heshima ya khocha, na ndiyo njia ya ukoo wa mama kusema huyu mtoto ni wetu pia. Babu hakueleza kwa sababu hakuwahi kufikiria kuna mtu duniani asiyejua khocha ni nini.

Nilimwambia pia ulivyokaa langoni. Nilimwambia wimbo walioimba.

Alikuwa ananisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo hiyo ng'ombe ilikuwa ya mtoto?"

"Ilikuwa ya mtoto, Guka."

"Si ya askari?"

"Si ya askari."

"Uuui," akasema, Mama, akajipiga paja. "Uuui! Na nilikuwa nayo! Nilikuwa na dume mbili hapo nje!" Akaanza kulia, mzee mzima, bila kuficha uso. "Dada yangu alifikiria tumemkataa. Amekufa akifikiria hivyo."

Tulilia wote watatu, na mimi bado nina helmeti, hakuna aliyenikumbusha niivue.

Wangui ndiye aliyeniambia mengine tulipokwenda kuokota zile kahawa. Yeye alipozaliwa, zamu ya jina ilikuwa ya shangazi. Babu yao alikataza, akasema mtoto aitwe jina lingine lolote. Guka alikuwa hajawahi kumpinga baba yake hata siku moja. Siku hiyo alimpinga. Alisimama pale uani akasema mtoto ni Wangui na atabaki Wangui, na mzee hakumsemesha mpaka mavuno mawili yakapita. Kwa hiyo miaka yote hiyo tuliyodhani jina la Kukhu limefutwa huku, lilikuwa linaitwa kila siku, njoo ule Wangui, funga ng'ombe Wangui.

Halafu wakanichinjia mbuzi. Mama, nilicheka mpaka wakashangaa. Kuku walikuwa wanatembea uani bila wasiwasi wowote, mgeni amefika kutoka mbali na wao wanadonoa tu! Kwetu wangekuwa wameshajificha kwenye mahindi. Nilikula mbuzi, nikala mukimo, nikala tena, wakaniambia niongeze kwa sababu ya vilima.

Wakati wa chai Guka aliniuliza watoto wa dada yake ni wangapi, mmoja mmoja. Nikamtajia Mjomba Wafula. Nikamtajia marehemu mama mkubwa. Akasema, "Na msichana wa pili? Huyo ni nani?"

Nikasema, "Ndiye mama yangu. Kanisani ni Rosa, lakini Kukhu alikuwa anamwita Wanjiru. Hata leo wazee wa pale kwetu wanamwita Wanjiru, wanadhani ni jina la utani."

Guka aliweka kikombe chini. Wangui naye akaacha kumimina chai.

Kumbe Wanjiru alikuwa mama yao. Hapa msichana wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, na si jina tu. Anayelichukua ndiye mwenyewe amerudi. Walimu wenzangu hapa wana watoto wadogo wanaowaita "mama" na "baba" bila mzaha, wakiwaamkia kwa adabu. Kukhu alikuwa mbali na kwao, hasemi na mtu, lakini alikupa jina la mama yake kama alivyotakiwa, na hakukuambia maana yake. Guka aligeuka kwa binti yake akasema kwa Kikuyu, na hicho kidogo nilikielewa: Maitu yuko hai. Mama yuko hai. Kisha akauliza kama unakula vizuri.

Mama, nimeandika mpaka hapa nyumbani kwangu Skuta. Yanayofuata naandika Jumapili, baada ya kanisa, mezani kwa Guka mwenyewe. Nimekuja tena kwa baiskeli na barua begani, na safari hii kilima cha tatu nimekimaliza nikiwa juu ya tandiko!

Nimeuona huyo ng'ombe. Ni fahali mwekundu, mdogo bado, jeuri kweli. Guka alinipeleka zizini akiwa na bakora, akasema, "Hii ni ya kijana." Nikamwambia, Guka, kijana ana wajukuu wanne na ni shemasi wa kanisa. Akasema, "Shingo si iko?" Basi ng'ombe ni wake. Wajukuu wa hapa wana pikapu, na Wangui anataka kuja kuona mgomba wa Kukhu. Mimi nilisema twende kesho! Nilikuwa tayari kutangulia kwa baiskeli mpaka Nakuru. Lakini Guka amekataa. Alikataa kabisa, na nilipombembeleza alinikemea.

Anasema alishindwa kufika alipoitwa, sasa hawezi kuingia bila kuitwa. Anasema boma ni lako na wewe ndiye mwenye kusema. Ukinyamaza, atajua umemjibu, wala hatakulaumu. Mama, ana karibu miaka tisini. Jana alikohoa usiku kucha, Wangui ameniambia. Mimi nimefanya yangu, nimekanyaga pedali. Siwezi kukunyanyulia simu.

Nisalimie Baba, mwambie breki alizonifungia zimeokoa maisha yangu kwenye kila bonde. Nisalimie Barasa, kaka yangu fundi wa baiskeli, mwambie tairi za nyuma zimeisha na asiniulize zimeishaje. Nisalimie jirani yetu mama wa kwaya, na yule mke mpya wa binamu ambaye sijamwona bado. Mjomba Wafula usimwambie lolote kwanza. Akisikia khocha yupo ataanza kutembea kwa miguu kuja huku, namjua kaka yako.

Nimekukumbuka mpaka basi. Ni mimi binti yako, mwenye miguu ya mbao,

Nekesa

Nimeacha nafasi hapa chini. Guka amesema maneno yake ataandika mwenyewe. Imemchukua saa nzima na hakutaka nimsaidie.

*Maitu, ni mimi Kariuki. Nimesikia ulikaa kwa gate ukiningoja. Mimi sikujua ng'ombe ni ya mtoto. Nisamehe. Sasa ni mimi niko kwa gate. Niite nikuje.*